Nahodha Asiye na Karatasi

"Kwa hiyo mimi ni nani hapa? Mpangaji mwenzio?"

"Sikusema hivyo, Mama."

"Hukusema, umeandika. Haya soma mwenyewe."

Hakusoma. Jumamosi ile asubuhi Thuwaiba alisimama mlangoni mwa jiko, koti kishalivaa, begi begani, anangoja nimalize ili awahi treni ya kwenda kwa baba yake, Ilford. Mimi mkononi nilikuwa na tiketi mbili alizopewa shuleni. Ya kwanza kaiandika kwa kalamu ya kijani: Mama. Ya pili, kalamu ile ile, mwandiko ule ule, tena mzuri zaidi: Mama Mdogo Restuta.

Mwanangu ana miaka kumi na tano na kazaliwa Lewisham. Kiswahili anakielewa chote, hata kile nisichotaka akielewe, lakini hujibu kwa Kiingereza. Majibu yake nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo yanavyoniingia.

"Mama mdogo ni dada yangu," nikamwambia. "Mimi nina dada? Nina kaka wanne, wote wavivu."

"Mke wa baba pia ni mama mdogo. Ulinifundisha wewe."

"Mke wa baba yako yuko wapi? Yule hana karatasi."

"Wameoana msikitini. Nilikuwepo. Nilivaa nguo ya bluu."

Nguo ile ya bluu niliipiga pasi mimi, nikidhani ni ya sherehe ya shule. Alipoitaja nilihisi moto masikioni.

"Cheti cha msikiti nchi hii hakimpi mtu hata kadi ya maktaba. Kaulize ofisi yoyote ya ndoa. Mwanamke anayekaa na mume wa mtu bila karatasi ni haramu tupu, na wewe wamwita mama!"

Nilijua nimesema uongo kabla sentensi haijaisha. Restuta ameolewa kwa mahari, walii na mashahidi. Ndoa yake haina doa. Lakini neno lilikwisha toka.

Thuwaiba alinitazama kama anayesoma tarehe kwenye pakiti ya maziwa.

"Yeye kakaa na mimi maktaba Jumamosi nne," akasema. "Wewe uliniambia nimwandike Florence Nightingale."

Akachukua tiketi ya pili mkononi mwangu, akatoka. Mlango haukupigwa. Angeupiga ningepata la kusema.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwalimu wao wa historia, Bi Margaret, aliwapa kazi: kila mtoto amtafute baharia ambaye London ilimtukana na nchi nyingine ikamsifu, kisha asimame ukumbini siku ya Alhamisi, mbele ya wazazi, amzungumzie kwa dakika nane. Mimi nafanya kazi hospitali, chumba cha mafaili ya wagonjwa, kwa hiyo nilimpendekezea nesi. Baharia simjui hata mmoja. Restuta, ambaye alikuwa mwalimu wa historia wa sekondari huko Bukoba, alimpeleka maktaba ya Ilford wakamtoa huko mtu anayeitwa Gustavus Conyngham. Tangu hapo nyumbani kwangu hakuna jina jingine. Conyngham wakati wa chai, Conyngham wakati wa kupaka siagi mkate. Nilikuwa namchukia mtu aliyekufa miaka mia mbili iliyopita kwa sababu tu ya aliyemleta.

Niseme wazi, nilikuwa na wivu. Sikuwa na wivu wa Matar, baba yake Thuwaiba. Huyo nilikaa naye miaka kumi na sita na najua anavyokoroma. Matar wangu hakuwahi kuosha kikombe. Siku moja Thuwaiba akarudi kutoka Ilford, akaniambia, bila nia mbaya, "Baba siku hizi anaosha vyombo." Nilikwenda kujifungia chooni. Halafu mtoto akaanza kurudi na nywele zimesukwa mistari myembamba, kila mstari umekaa, wakati mimi kwangu alikuwa akilia kila nikishika kitana. Halafu akarudi anajua kupika ndizi. Halafu ikaja ile digrii. Mimi nina diploma ya utunzaji wa kumbukumbu, niliisomea jioni miaka mitatu, mtoto nikimwacha kwa jirani, na najivunia. Restuta ana digrii kamili ya ualimu na anaosha wazee kwa saa anazoruhusiwa na viza yake ya masomo, wala halalamiki. Angelalamika ningempenda.

Sasa nieleze la karatasi, kwa sababu wengi wetu hapa hulikosea.

Mimi na Matar tulioana Wete, Pemba, mbele ya kadhi, tukapewa cheti. Tulipoingia Uingereza mwaka 1990 serikali ilikisoma cheti kile ikakikubali. Miaka miwili na nusu iliyopita Matar akaniacha kwa talaka moja, iliyoandikwa vizuri, imamu na mashahidi wawili wamekaa kwenye makochi yangu na kunywa chai yangu. Eda nikaimaliza. Tukadhani yamekwisha. Hayakwisha. Ndoa ya Wete nchi hii inaitambua, talaka ya sebuleni kwangu haiitambui. Kwa Mungu mimi si mke wa Matar. Kwa Malkia bado ni mkewe.

Matar alipogundua alikwenda mahakamani. Sheria inamtaka moja katika mawili: mtengane miaka miwili na mke akubali kwa maandishi, au mtengane miaka mitano, ndipo asiulizwe mke. Mwezi wa Januari bahasha ya mahakama ikaingia kwangu. Ndani mna fomu ya kurasa chache na swali moja la maana: je, unakubali ndoa ivunjwe? Mna na bahasha ya kurudishia, imekwisha andikwa anwani. Kazi ya dakika tano.

Niliiweka kwenye mkebe wa biskuti, juu ya kabati la sufuria, pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Februari wakaleta nyingine. Ikaingia mkebeni. Mwezi wa tatu umefika, ikaja ya tatu.

Sikutaka kitu kwa kuzizuia. Sikumtaka Matar arudi. Lakini mwanamke yule alikuwa na kila kilichokuwa changu, mpaka nywele za mwanangu, na kitu kimoja tu hakuwa nacho, nacho kilikuwa ndani ya mkebe wangu. Kila nikipanda kigoda kuchukua sufuria kubwa nauona.

Jumapili jioni Restuta akamrudisha Thuwaiba mwenyewe. Kwa kawaida Matar humleta mpaka kituoni tu. Safari hii kengele ikalia, nikafungua, namwona mlangoni, mrefu, kofia ya sufi, mkononi kopo la plastiki.

"Shikamoo dada."

Ananizidi urefu, namzidi miaka minane. "Marahaba. Ingia, baridi hiyo."

"Nisiingie, viatu vina matope. Nimemleta tu. Na hivi vidogo, mama amenitumia kutoka nyumbani."

Thuwaiba alikwisha fungua kopo. "Senene, Mama! Wa kukaanga!"

"Mimi siwezi kula kitu chenye magoti."

"Ni halali. Nilimwuliza ustadhi."

"Halali si lazima. Nenda kavue viatu."

Restuta akacheka. Alicheka kweli, akafunika mdomo. Sikutaka achekeshwe na mimi. Thuwaiba alipokwisha ingia chumbani kwake, akatoa kitu mfukoni. Ile tiketi.

"Nimefikiri," akasema. "Hii mpe mtu mwingine. Jirani, au mwenzako wa kazini. Mimi nitapata habari kwa simu."

"Nani kakukataza?"

"Sijakatazwa, dada. Kiti cha mama ni kimoja."

Nikaipokea. Hata uungwana kanishinda, nikawaza, na wivu ukapanda juu zaidi, ukafika kwenye meno.

"Halafu," akaendelea, "si vizuri azoee sana. Mwezi wa sita nitakuwa Bukoba."

"Likizo?" nikauliza, na nilijua.

"Viza inaisha. Tungekuwa tumeandikisha ndoa ningeomba kubaki, lakini mahakama bado inangoja jibu la upande wa pili. Wameandika mara tatu." Alirekebisha kofia yake. "Labda barua zimepotea."

Alinitazama machoni, bila hila yoyote. Upande wa pili ulikuwa umesimama mbele yake kwa kandambili. Alijua, vipi asijue? Alinifungulia tu mlango nitokee bila aibu. Nami nikatokea.

"Barua hupotea," nikasema.

Mimi, Ummukulthum! Chumbani kwetu kazini kuna mafaili laki mbili na sheria moja. Faili likitoka rafuni, mahali pake unaweka kadi nyekundu yenye jina la aliyelichukua. Daktari akija juu kwamba faili limepotea, namwambia usoni: faili halipotei, liko kwa mtu, tutazame kadi. Miaka kumi na moja nawaambia hivyo. Na Jumapili ile, mlangoni kwangu, nikasema barua hupotea.

Jumatatu mchana nilimweleza Bharti. Tunakaa meza moja ya chakula tangu nianze kazi. Bharti ni Mhindi wa Unguja. Baba yake alikuwa na duka Darajani na nyumba ya ghorofa juu yake. Yalipotokea mapinduzi alichukuliwa vyote viwili, na mwaka uliofuata wakaondoka na masanduku matatu. Kiswahili chake ni cha mjini kabisa, ila akikasirika huchanganya ngeli.

"Fomu ngapi?" akaniuliza.

"Tatu."

"Wewe mwanamke wewe! Daktari akikaa na faili wiki mbili unampigia simu kila saa."

"Hiyo ni kazi."

"Na hii?"

"Hii ni yangu."

Bharti alifunga kopo lake la chakula, akafuta vidole kimoja kimoja. "Baba yangu alikufa hapa, Kilburn, na hati ya nyumba ya Darajani chini ya mto. Hati halisi, na mihuri yake. Kila mgeni akija anatolewa aione. Nyumba hana, hati anayo. Tulikuwa tunamwonea huruma." Akanitazama. "Wewe hati ya mume unayo, mume huna. Nami nikuonee huruma?"

"Usithubutu."

"Basi sitakuonea. Pitisha chumvi."

Sikuongea naye mpaka saa ya kutoka. Kwenye basi nilikuwa nikipanga majibu ambayo ningempa, mazuri sana, na hakuna hata moja lililohusu fomu.

Jumanne Thuwaiba alirudi kutoka shule saa kumi. Tangu Jumamosi alikuwa akinijibu kwa neno moja moja, lakini siku mbili kabla ya kusimama mbele za watu alihitaji mtu wa kumsikiliza, na mtu aliyekuwepo ni mimi. Akaweka karatasi zake juu ya meza ya jikoni.

"Una saa ya kupimia keki?"

"Ninayo."

"Dakika nane. Usinikatize."

Nikaiweka saa, nikaendelea kumenya viazi. Akasimama karibu na friji, mgongo wima, akaanza. Mwanangu ana sauti nzuri, sikuwa najua.

Alieleza kwamba Conyngham alizaliwa Ireland akahamia Amerika. Mwaka 1777 Wamarekani walikuwa vitani kujitoa chini ya Uingereza, na meli za maana hawakuwa nazo. Wajumbe wao waliokuwa Paris wakampa Conyngham karatasi iliyosema kwamba yeye ni nahodha wa jeshi la majini la nchi yao. Akatoka bandari ya Dunkirk, Ufaransa, na meli ndogo, na baada ya siku chache akarudi ameteka meli ya barua ya Waingereza. London ikawaka. Ufaransa wakati ule ilikuwa ikijifanya haimo kwenye ugomvi, kwa hiyo ili kuituliza Uingereza ikamtia ndani Conyngham na kumnyang'anya karatasi yake.

"Baadaye wakamwachia," akasoma. "Karatasi hawakumrudishia."

Kisu changu kikakata kiazi zaidi ya nilivyotaka.

Akapewa meli nyingine, jina lake Kisasi, akateka meli nyingi kiasi kwamba wafanyabiashara wa London waliogopa kutuma mizigo. Magazeti yakamtukana. Mwaka 1779 Waingereza wakamkamata. Manahodha wengine waliokamatwa walikuwa wafungwa wa vita. Yeye alitiwa minyororo ya chuma miguuni na kuambiwa atanyongwa kama mwizi wa baharini. Mkewe, Ann, aliandika kwa wakubwa wa Amerika kumtetea. Kwenye gereza la Plymouth yeye na wenzake wakachimba chini ya ukuta, wakatoroka, na akapita London hii hii, mji uliokuwa ukimtukana, kabla hajavuka kwenda Uholanzi.

"Alipita wapi London?" nikauliza.

"Mama! Nimesema usinikatize. Sijui. Restuta anasema labda..."

"Sema. Jina lake si sumu."

"Anasema mtu asiye na karatasi hupita London akiwa ameangalia chini, ndiyo maana hakuna aliyeandika alipita wapi."

Saa ikaendelea kugonga. Akashika karatasi yake upya, kisha akaiteremsha.

"Nataka kuweka neno moja la Kiswahili," akasema. "Bi Margaret kasema tukiweka lugha ya nyumbani itapendeza. Mtu anayeteka meli baharini, mwizi wa baharini, anaitwaje?"

"Haramia."

"Haramia." Akaandika kwa kalamu ya kijani. Akaliangalia. "Kama haramu?"

"Mzizi mmoja."

"Kwa hiyo mwenye karatasi ni nahodha, asiye na karatasi ni haramia. Mtu yule yule, meli ile ile."

"Sheria ndivyo ilivyo."

Hakunitazama hata. Lakini lile neno nililolitupa Jumamosi lilikuwa pale mezani, kwa wino wa kijani, na wote wawili tuliliona.

Akaendelea kusoma. Vita vilikwisha, Amerika ikashinda. Conyngham akaliendea Bunge la nchi aliyoipigania, akaomba atambuliwe cheo chake na haki zake. Wakamwuliza: karatasi iko wapi? Hakuwa nayo. Akaomba tena na tena, miaka na miaka. "Karatasi ilikuwa imepotea," Thuwaiba akasoma, "na bila..."

"Hapana," nikasema.

"Mama."

"Hapana, hapo umekosea, na mimi hii ndiyo kazi yangu. Usiandike ilipotea. Ulisema walimnyang'anya. Basi kuna ofisa kaishika, akampa karani, karani akaitia sandukuni au kwenye kabati. Karatasi haipotei. Iko kwa mtu."

Nilisikia sauti yangu ikisema hayo. Ile sauti ya kazini, ninayowatolea madaktari.

Thuwaiba akakata neno, akaandika juu yake, akasoma polepole: "Karatasi haikupotea. Alikuwa nayo mtu." Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Nzuri zaidi. Tena ni kweli, kwa sababu sikiliza." Akageuza ukurasa. "Conyngham alikufa mwaka 1819 bila kutambuliwa. Zaidi ya miaka themanini baadaye karatasi yake ikaonekana Paris, inauzwa na mtu anayeuza hati za kale. Ilikuwa nzima. Ilikuwa na jina lake, tarehe na sahihi."

Saa ya keki ikalia. Dakika nane kamili. Sikuizima, aliizima yeye.

"Hawakuweka kadi nyekundu," akasema.

"Hawakuweka."

"Unadhani aliyekuwa nayo alikuwa akimchukia?"

Nilikuwa na kiazi mkononi, kimemenywa nusu. "Sijui. Labda hakumchukia. Labda alikuwa akifungua sanduku kwa shughuli zake, anaiona, anaifunika. Anasema kesho."

"Miaka yote?"

"Kesho haina kazi ngumu. Unaisema tu."

"Lakini yule mzee anaomba, Mama. Anakwenda kuomba, na mtu anayo. Angeitia tu kwenye bahasha!"

Alisema hivyo kwa hasira ya mtoto wa miaka kumi na tano, ambaye hajawahi kunyimwa kitu akanyima naye. Mimi nikatazama saa ya ukutani. Saa kumi na moja na dakika kumi na sita. Sanduku la posta la kona yetu huchukuliwa barua kwa mara ya mwisho saa kumi na moja na nusu. Hilo nalijua kwa sababu kila siku tangu Januari nilikuwa nalipita na kusoma kibao chake.

Nikaweka kiazi. Nikavuta kigoda, nikapanda, nikashusha mkebe. Thuwaiba alidhani nataka biskuti.

"Hizo si biskuti?"

"Hazijakuwamo biskuti tangu ulipokuwa na miaka sita. Sogeza makaratasi yako."

Nikatoa bahasha tatu, nikachukua ya juu, nikaifungua. Yeye akasoma kichwa cha fomu. Jina la baba yake, jina langu, jina la mahakama. Anasoma upesi kuliko mimi.

"Hii ilikuja lini?"

"Hii wiki iliyopita. Ile ya kwanza Januari."

Nilingoja aniambie niliyostahili kuambiwa. Aliangalia mkebe, akaniangalia mimi.

"Restuta alisema labda zimepotea," akasema.

"Restuta ni muungwana. Nipe kalamu."

"Hii ya kijani."

"Kijani hawapokei. Iko nyeusi kwenye mkoba wangu. Haraka!"

Kujaza fomu ni kitu ninachokijua. Jina kamili kwa herufi kubwa. Anwani. Umepokea ombi? Ndiyo. Umelipokea lini? Hapo kalamu ilisimama. Ningeweza kuandika jana, nani angejua? Nikaandika tarehe ya Januari, ile ya kweli, waone wenyewe nani alikuwa nayo. Je, unakubali ndoa ivunjwe? Visanduku viwili. Nikatia alama kwenye ndiyo, nikaikandamiza mpaka ikatokea upande wa pili wa karatasi. Sahihi. Tarehe ya leo.

Wivu haukuniondoka, na sitadai hivyo. Nilipokuwa nikitia sahihi niliona vizuri kabisa Matar akiosha vyombo, na mwanamke mrefu kando yake anavifuta, wenye karatasi wote wawili. Niliona na bado nikaandika jina langu mpaka herufi ya mwisho.

Nikalamba bahasha, nikaibana na kiganja juu ya meza. "Vaa viatu."

"Na mimi?"

"Wewe una miguu mirefu. Ukiona gari jekundu limefika, kimbia ulizuie."

Tukateremka ngazi, mimi na aproni bado kiunoni. Ghorofa ya pili nikasimama kuvuta pumzi. Ile tiketi ilikuwa mfukoni mwa aproni, nilipoitia Jumapili nisijue pa kuiweka. Nikampa.

"Mpigie mama yako mdogo. Mwambie Alhamisi saa kumi na mbili jioni, na mlango hufungwa. Asichelewe kama baba yako."

Aliishika kwa mikono miwili. Hakusema kitu kwa lugha yoyote.

"Na senene abaki nao huko huko," nikasema.

"Nitamwambia," akanijibu, kwa Kiswahili, na akaniacha kwenye ngazi akiruka mbili mbili.

Nilipotokea nje, gari jekundu lilikuwa limekwisha simama kwenye kona. Mtu wa posta kalifungua sanduku, anazoa barua kutia gunia lake, na mwanangu kasimama kati yake na mlango wa gari, mikono kaitanua, anamweleza habari ndefu. Yule bwana aliponiona na aproni na bahasha alicheka, akanipanulia mdomo wa gunia. Nikaitumbukiza kwa mkono wangu, nikaitazama mpaka barua za watu wengine zikaifunika.